Gari Linalozima Likisimama

Jumanne, 2 Septemba

Voi tumefika tukiwa tumechelewa. Gari tena. Nikisimama tu linaanza kutetemeka, sindano ya mzunguko wa injini inashuka, taa ya betri inawaka, halafu kimya. Kwenye makutano ya Mwatate limezima, nikaliwasha, likazima tena. Bodaboda aliyekuwa nyuma akanipigia honi na kuniongezea maneno. Nikamtazama kwa lile jicho la ualimu. Akanyamaza. Kustaafu nimestaafu, jicho bado linafanya kazi.

Mwadime kapandishwa kwenye mashine salama. Kila Jumanne na Ijumaa mume wangu hukaa kwenye kile kiti cha hospitali, damu yake itoke, isafishwe, irudi. Figo zake zimeacha kazi. Sista Halima, muuguzi wetu, amemuuliza amelalaje, akamjibu amelala huku amefumba macho. Halima kacheka hadi mtandio ukamteleza. Namshukuru Mungu kwa huyu binti. Wengine humwongelesha Mwadime kama mtu aliyeshaaga.

Wakati anasafishwa nimepeleka gari kwa Ouma, fundi wetu nyuma ya stesheni. Baba yake aliletwa Voi na kazi ya reli kutoka Kisumu. Ouma kazaliwa hapa, na Kidawida, lugha yetu, anakiongea kuliko wajukuu wangu. Akafungua boneti, akasikiliza, akaniambia, "Mwalimu, idling yako iko chini sana." Yaani mguu ukiwa haujagusa mafuta, injini inazunguka polepole mno, haina nguvu ya kujishikilia. Akabadilisha plagi. Akakaza skrubu fulani, mngurumo ukapanda.

Tulipomrudia tukiwa na Mwadime, Ouma akataka kufungua na filta ya hewa. Mwadime akasema kutoka dirishani, "Hiyo nimeisafisha mwenyewe kabla ya safari ya Kishushe. Iko sawa." Ouma akasema sawa, Mzee, akafunga boneti. Nani atabishana na mtu aliyeendesha malori ya mkonge ujana wake wote?

Tumepanda hadi nyumbani Ronge bila kuzima. Nimeimba njia nzima. Mwadime akaniomba nimhurumie.


Alhamisi, 4 Septemba

Gari zima. Kabichi zimeshika. Mwadime kala ugali wote na mchicha. Asante, Mungu. Sina zaidi.


Ijumaa, 5 Septemba

Kushuka vizuri. Kurudi, limeanza tena pale kwenye matuta ya Mwatate. Tetemeka, tetemeka, zii.

Nimeumia. Nilishaanza kulisifu.

Nafikiri nimepata sababu. Mwezi uliopita nilikwenda Kishushe kwenye matanga ya shemeji, mimi na kina mama wa kanisa. Vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mafuta yakaniishia huko, nikanunua ya chupa kwa jamaa mmoja kando ya njia. Nani ajuaye alichanganya nini. Ugonjwa umeanza baada ya hapo. Mafuta machafu, basi. Mwadime alipotajiwa Kishushe aligeuza uso. Aliangalia nje tu. Nikafikiri anamkumbuka ndugu yake.


Jumapili, 7 Septemba

Gari limezimia mlangoni pa kanisa, na kila Mkristo wa Ronge amegeuka fundi.

Mwenyekiti wa kina mama anasema ni betri. Katekista anasema tuliombee, na ameliombea kweli, mkono juu ya boneti. Mwimba besi mmoja, ambaye hata baiskeli hana, anasema giaboksi imekwisha. Jirani yetu Mwakio alivua koti la Jumapili, akalitundika mtini, akaja kusukuma. Wengine wakaona haya, wakasukuma pia. Limewaka kwenye mteremko.

Nilikuwa na hasira na aibu. Sasa nimekaa jikoni nawawaza wale watu na viatu vyao vilivyong'arishwa, vumbi limewapanda hadi magotini. Nina watu. Wengi hawana watu.


Jumanne, 9 Septemba

Naandika hata kabla ya kuvua viatu, kwa hiyo mwandiko huu nisiulaumu baadaye.

Asubuhi, kati ya Mwatate na Voi, kundi la ndovu limeamua kuvuka lami. Magari yote yakasimama. Na langu huugulia pale pale linaposimama. Nikawa nimekanyaga klachi, nagusa mafuta kidogo kidogo lisife, lakini mngurumo ukaanza kuwa mkubwa na ndovu mama akageuza masikio. Mwadime akanishika paja. "Toa mguu," akasema kwa sauti ya chini. Nikatoa. Likazima hapo hapo.

Tukakaa. Mama yule kasimama katikati ya barabara na mtoto wake chini ya tumbo, anatutazama. Nikashika ufunguo. Mwadime akatikisa kichwa. Ukiliwasha sasa litakohoa, na likikohoa atakuja. Nimemwomba Mungu kwa Kidawida, maana Kiswahili kilinitoka. Mtoto akavuka. Mama akafuata, taratibu, kana kwamba barabara ni shamba la babake.

Betri nayo ikawa imechoka. Dereva wa lori la saruji aliyekuwa nyuma yetu akashuka, akatusukuma yeye na turniboi, msaidizi wake wa garini. Hakutaka hata asante. Alisema tu, "Mama, tengeneza hii gari, tafadhali." Mungu amweke.

Tumechelewa mashine. Halima alikuwa ametushikia nafasi. Aliniambia, "Mama, leo nimesema uongo kwa ajili yenu. Nimewaambia mko njiani karibu kufika, wala sikuwa na habari yenu." Nikamwambia Mungu ataandika kwa penseli.

Ouma kabadilisha filta ya mafuta, kamwaga tangi lote. Mafuta yametoka safi kabisa. Akakuna kichwa. Akasema amebakiza kufikiri. Kwa hiyo yule jamaa wa chupa wa Kishushe nilimsingizia bure. Anisamehe.


Jumatano, 10 Septemba

Mwadime leo amesema neno ambalo sikutaka lisemwe nyumbani mwangu.

Nilikuwa namenya viazi. Akaja akaketi kwenye kigoda, akatazama gari pale uani muda mrefu. Kisha, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Wakio, tuache tu. Gari limechoka, wewe umechoka, mimi nimechoka. Nikae nyumbani."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupisha kiti. Ndiyo sababu limeniuma. Kukaa nyumbani ni nini, tunajua wote wawili. Daktari alitueleza mwanzoni bila kuzungusha: akikosa mashine maji yanapanda, yanaingia mapafuni, basi.

Nikamwambia mimi sijachoka. Nikamwambia gari likifa nitampakia kwenye toroli la samadi nimsukume hadi Voi, na watu wa Mwatate waseme watakavyo. Hakucheka. Mtu huyu hucheka hata kwenye matanga.

Nimekwenda nyuma ya zizi nikalia. Nimelichukia gari. Nilijifunza kuendesha nikiwa tayari na wajukuu, kwa ajili yake. Yeye ndiye mwalimu wangu, kiti cha kushoto, bakora mkononi, akinigonga goti kila nikikosea klachi. Gari na mimi tulikuwa timu yake. Sasa gari limempa sababu ya kuacha.

Nimempigia Ouma. Anasema Jumamosi atapanda mwenyewe Ronge na vifaa vyake, alisikilize likiwa baridi.

Kesho kutwa ni Ijumaa. Lazima tushuke nalo hivyo hivyo. Mwakio amewaazima watu wa harusi pikapu yake, na teksi ya Mwatate haipandi huku.


Ijumaa, 12 Septemba

Tuko hai. Niandike hilo kwanza.

Aliingia garini bila kubishana, lakini aliposema kwaheri kwa mbwa nikajua anavyowaza. Niliendesha.

Huku kwetu kila mtu huteremka na free. Unatoa gia, gari linajitelezea lenyewe, mafuta hayaliwi. Mwadime alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo, na ukiteremka na gia watu wanakuona mgeni. Nikateremka na free kama siku zote. Injini ilizima pale juu ya kona kubwa, na kwa kuwa mngurumo wenyewe siku hizi ni mdogo mno, sikusikia. Nimejua nilipokanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe. Breki za gari hili husaidiwa na injini. Injini ikifa, unakanyaga kwa nguvu zako wewe. Usukani nao ukawa mzito.

Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Kona inakuja. Kushoto kuna ukingo wa udongo, kulia hakuna kitu, kuna mashamba ya watu chini kabisa.

Mwadime akapaza sauti, "Tia gia! Tia ya tatu!" Nikatia. Gari likaruka. Na hapo hapo nikaona mkono wake ukivuta breki ya mkono, mkono wa kulia, ule wenye mshipa wa mashine ambao hata ndoo ya maji hauruhusiwi kubeba. Akaivuta hadi akainuka kwenye kiti. Tukaukwaruza ukingo, vumbi, kioo cha pembeni kikaenda. Likasimama.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuushika ule mkono na kusikiliza mshipa kwa kidole, kama Halima alivyonifundisha. Unapiga. Bado unapiga.

Alikuwa anahema sana, jasho limemtiririka, na macho yake yalikuwa ya mtu mwingine. Siyo mtu wa Jumatano kwenye kigoda. Mtu anayetaka kuacha havuti breki namna ile. Nilitaka kumwambia hivyo palepale. Nikaona ngoja, nisimwaibishe.

Wamama waliokuwa wanapalilia mbaazi wakapanda hadi barabarani na maji na maswali. Mmoja akamfunga Mwadime leso begani, sijui kwa nini, labda kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Baadaye pikapu ya kabichi ikatuchukua, sisi mbele na dereva, hadi Voi mlangoni. Jina lake sikuuliza. Namwandika hapa kama yule wa kabichi, Mungu anamjua.

Halima aliusikiliza mkono kwa kile chombo chake, akakihamisha kidogo, akasikiliza tena. Kisha akatabasamu. "Haujambo mkono, baba. Ila ukiuvuta tena hivyo, nitakupiga mimi mwenyewe."

Nimechoka. Nashukuru. Naogopa. Vyote.


Jumamosi, 13 Septemba

Ouma amepanda asubuhi na sanduku lake kwenye bodaboda. Kwanza alikwenda kwenye kona, akaangalia alama za magurudumu, akarudi. Akaniambia kitu kimoja tu: "Mwalimu, kuanzia leo ukishuka, shuka na gia ya pili. Wacha watu waseme." Nimeapa.

Kisha kazi. Gari Mwakio alikuwa amelivuta jana jioni hadi uani, pikapu yake iliporudi kutoka harusini. Likawashwa, likatetemeka. Ouma akataka niwashe taa kubwa, mngurumo ukashuka zaidi. Akagusa nyaya. Akabana mpira mmoja mmoja kwa koleo, kusikia kama kuna mahali panavuta upepo wa wizi. Hakuna. Akakaa chini kwenye tofali. Mwadime alikuwa barazani na blanketi magotini, anatazama.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, kwa kuwa nimefundisha watoto wenye pumu, kwamba hili gari mlimani huhema kama mtoto aliyezibwa pua. Ouma akanitazama. Akainuka, akaenda kwenye lile bomba nene linaloleta hewa kwenye injini, akalichomoa injini ikiwa inaunguruma.

Mngurumo ukapanda wenyewe. Sindano ikapanda. Kutetemeka kukapungua nusu.

"Inanyimwa hewa," akasema. Akageuka kuelekea barazani, akasita. Nikaona anavyosita. Mzee alishasema filta iko sawa. Karibu wiki mbili hilo ndilo lililomzuia kulifungua lile boksi la filta, heshima tu. "Mzee, naomba ruhusa nifungue."

Mwadime akalikunja blanketi lake. Kisha akasema fungua.

Filta ilikuwa imevishwa kitambaa. Kimezungushwa kwa ustadi, kimefungwa kwa waya mwembamba, kimeloweshwa oili. Juu ya oili, vumbi la Kishushe limeganda kama udongo wa kukandika nyumba. Na oili nyingine ilikuwa imenyonywa ndani hadi kwenye mlango mdogo wa hewa wa injini, ikachanganyika na vumbi, ikawa uji mweusi umeziba pale pale ambapo injini hupumulia gari likisimama. Ouma akanionyesha kwa kidole. Nilipokiosha kitambaa kidogo nikaona ua la samawati. Leso yangu. Nimeitafuta tangu Agosti, nikamshuku hadi jirani.

Ouma akapulizia dawa, akasugua kwa mswaki, akatia filta mpya, akairudisha ile skrubu aliyoikaza siku ya kwanza mahali pake. Akawasha. Limetulia. Glasi ya maji ingekaa juu ya boneti isimwagike. Tumesimama tu wawili tukisikiliza.

Nilipogeuka, baraza ilikuwa tupu. Mwadime ameingia ndani, amefunga mlango wa chumba.

Ouma amekula kwangu, amefungiwa na parachichi. Akiondoka aliniambia, "Usimseme Mzee. Kwa malori ya mkonge ile kitu ilikuwa inafanya." Moyo wake mzuri huyu.


Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Mwadime hakuamka vizuri, au hakutaka kuamka. Nikampelekea uji, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nusura atuue, na alinyamaza karibu wiki mbili. Nilikuwa na hotuba.

Akaanza yeye. Alisema kwenye mashamba ya mkonge walivisha filta hivyo, vumbi lisile injini, na Kishushe kuna vumbi kuliko mashamba yote ya mkonge. Alifanya usiku wa kuamkia safari yangu, akipumzika kila akikaza waya kidogo, kwa sababu mikono ilikuwa haina nguvu. Hakuniambia kwa kuwa nilishamkataza kugusa kazi. Baadaye gari lilipoanza kuugua aliogopa kwamba ni yeye. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoshindwa kusema. Mwisho akaona bora yeye na gari wote wakae.

Nikamuuliza kwa nini sasa, mtu mgonjwa, uhangaike na filta?

"Gari likufae nikishaondoka," akasema. "Sina kingine cha kukuachia."

Hotuba yangu ikaniishia. Nimelia, yeye ameniangalia nalia, halafu na yeye. Tumekaa hivyo, uji umepoa.

Kisha nikamwambia. Nimemwambia kama anataka kunifaa, anifae akiwa hai. Nimemwambia juzi kwenye kona angeweza kukaa tu. Angekunja mikono, ingeisha, asingelaumiwa na mtu. Lakini aliivuta ile breki. Nilimwona. Nimemwambia hiyo ndiyo zawadi, siyo kitambaa.

Akaniuliza kama uji bado upo. Nikaenda kuupasha moto.

Nashukuru. Hata kwa ile leso iliyoharibika. Mtu mgonjwa, mikono haina nguvu, anakaza waya ili mimi nisibaki njiani. Wapo wanawake walioolewa na watu wazima wenye afya na hawajawahi kufanyiwa hivyo.


Jumanne, 16 Septemba

Nilikuwa bado natafuta kiatu changu cha pili. Nikasikia gari linawaka.

Nikatoka nje na kiatu kimoja. Baridi, ukungu bado umelala juu ya kabichi. Mwadime yumo ndani, kiti cha kushoto, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mkanda umeshafungwa. Ameegemeza kichwa, amefumba macho, anasikiliza injini ikizunguka taratibu, sawasawa.

Aliponisikia alifungua jicho moja. "Tutachelewa," akasema.